Dada wa Katoro, dagaa usiache: kuhusu zebaki, nywele na ile picha ya WhatsApp

Kuna dada ameniandikia kutoka Katoro, Geita. Ana mimba ya miezi mitano na mtoto wa miaka mitatu, kwake dagaa ni karibu kila siku na sangara mara mbili kwa wiki, na jirani yake anachoma dhahabu yenye zebaki uani. Miezi kadhaa nyuma walipita watu wa utafiti, wakamkata nywele kisogoni, wakamkalisha karibu saa nzima wakimuuliza jana ulikula nini, sahani ilikuwa na ukubwa gani, wakaondoka na mpaka leo kimya. Sasa kwenye grupu la WhatsApp la mtaani imeingia picha ya karatasi ya maabara, dagaa wakavu wamekutwa na risasi (yale madini ya sumu, siyo ya bunduki) 0.9, kiwango kinachoruhusiwa 0.3, na chini yake mtu kaandika kwa herufi kubwa DAGAA SUMU MARA TATU. Anauliza aache dagaa? Na zile nywele zilikuwa za nini?

Dada, kwanza hongera kwa ujauzito. Na nikupe jibu kabla ya maelezo, manake najua wengine hawafiki mwisho: dagaa usiache. Kama kuna kitu cha kupunguza ni kile kipande cha sangara mkubwa, na kama kuna kitu cha kukimbia ni moshi wa jirani yako. Sasa maelezo yake ni marefu kidogo, hii kazi ya kupima watu wanakula uchafu kiasi gani kwenye chakula nimeifanya miaka mingi, maabara na mitaani, na nimeona namba nzuri tu zikiharibikia njiani kabla hazijamfikia mlaji.

Tuanze na hiyo picha. Namba yenyewe sina ugomvi nayo, inaweza ikawa kweli kabisa, miligramu 0.9 za risasi kwenye kilo moja ya dagaa. Ila ile 0.3 waliyoilinganisha nayo, ambayo ndo ya Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, ni ya samaki mbichi akiwa na maji yake. Na dagaa mbichi karibu robo tatu yake ni maji. Ukimwanika maji yanaondoka ila risasi haina pa kwenda, inabaki palepale. Kilo moja ya dagaa wakavu unayopimiwa pale sokoni, ziwani ilikuwa kama kilo tatu na nusu za dagaa mbichi. Chukua 0.9 gawanya kwa tatu na nusu, unapata kama 0.26, iko chini ya kiwango. Kwa hiyo hiyo "mara tatu" ni maji yaliyokauka basi, hamna kingine.

Sasa usije ukasema nimesema 0.26 ni ya kushangilia. Kwa risasi, kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, ile inayoitwa JECFA, mwaka 2010 ilikifuta kabisa kile kiwango cha zamani cha "ukila chini ya hapa huna shida" kwa sababu hawakuona kiasi ambacho unaweza kusema ubongo wa mtoto uko salama nacho. Kwa hiyo risasi tunapunguza kila tunapoweza. Na kwa dagaa kuna njia rahisi. Chukua dagaa wako wa leo, walioanikwa chini siyo wa kwenye vichanja, waloweke kwenye beseni dakika tano, watoe taratibu kwa mkono bila kumwaga maji, halafu pitisha kidole chini ya beseni. Ule mchanga unaokwaruza pale, maabara kama haikuosha basi iliusaga pamoja na samaki na kuupima kama samaki, na mchanga na udongo una risasi yake. Swali langu la kwanza kwa aliyetoa ile karatasi lingekuwa hilo tu: mliwaosha? Na la pili, mliwatoa vichwa? Manake wewe unawaosha, na wengi wanatoa vichwa, kwa hiyo kilichopimwa siyo ulichokula.

Hilo la kupima chakula kama kinavyoliwa lina historia yake. Wamarekani walianza mwaka 1961, enzi hizo mabomu ya nyuklia yanajaribiwa angani na ile mionzi inashuka na mvua mpaka kwenye majani, ng'ombe anakula, maziwa yanafika mezani. Ikabidi waende dukani wanunue vyakula ambavyo watu wa kawaida wananunua, wavipike kama watu wanavyopika nyumbani, ndo wapime. Baadaye wakaongeza risasi, zebaki, dawa za kuua wadudu, na mpaka leo mpango huo upo, nchi nyingi zimeuiga. Huku Afrika ule mkubwa ulifanyika Benin, Kameruni, Mali na Nigeria, FAO walikuwemo, wananunua sokoni, wanapika, wanachanganya, wanapima. Mimi mwenyewe nimewahi kusimama kwenye jiko la maabara nimevaa koti jeupe nakaanga samaki kwa mafuta ya alizeti huku nimeshika saa, jirani zangu wa ofisi za pembeni wakidhani tuna sherehe.

Haya, ulichokula. Hesabu yake ni ya darasa la sita tu: kiasi cha sumu kilichomo kwenye chakula, zidisha kwa kiasi unachokula, gawanya kwa uzito wako wa mwili. Tuifanye kwa zebaki maana ndo inayokuhusu zaidi. Wataalamu hao hao wa JECFA, mwaka 2003, walisema kwa ile zebaki ya kwenye samaki mtu asizidishe maikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa wiki. Maikrogramu ni gramu moja umeikata vipande milioni ukachukua kimoja. Tuseme wewe una kilo 60, mfuko wako wa wiki ni 96. Dagaa wakavu sahani moja ya mtu mzima tuseme gramu 30, hiyo ni kama gramu 100 za mbichi, mara sita kwa wiki ni gramu 600. Dagaa ni samaki wa maisha mafupi, anakula vijidudu vya majini, zebaki yake huwa ndogo, tuweke kwa mfano 0.03 kwa gramu, tunapata 18. Sangara gramu 150 mara mbili, yule wa wastani tumwekee 0.15, tunapata 45. Jumla 63. Uko ndani. Lakini sangara huyohuyo akiwa ni lile lizee kubwa, tuseme 0.4 kwa gramu, peke yake anakula 120 na mfuko umeshapasuka hata dagaa hujamgusa.

Halafu sasa mtoto wako. Kilo 14, mfuko wake ni 22.4. Anakula nusu ya dagaa wako, hiyo ni 9, na vipande viwili vidogo vya sangara wa wastani vya gramu 60, hiyo ni 18. Jumla 27. Umeona? Chungu kimoja, wewe uko vizuri na yeye amepitiliza. Siyo kwamba ataanguka kesho, kile kiwango kimewekwa na nafasi ya usalama ndani yake, ila ukimbadilishia tu sangara ukampa sato, ambaye anakula majani na mwani na zebaki yake ni ndogo, tuseme 0.03, anashuka mpaka 12 na ushee, na dagaa wake hujamnyang'anya hata mmoja.

(Hizo namba za samaki ni za mfano nimekuwekea uone hesabu inavyokwenda, samaki wa mwaloni kwenu inabidi apimwe yeye mwenyewe.)

Sasa hapo kwenye "kiasi unachokula" ndo kuna vituko. Watu wanadhani sehemu ngumu ni mashine ya maabara, hapana bwana, mashine unaiwasha inafanya kazi. Ngumu ni kujua mtu kala nini. Ndo maana walikukalisha saa nzima. Sisi tunatembea na bakuli, upawa, vijiko, picha za sahani, wengine mpaka maharage na mchele wa kupimia ujazo, tunakuambia onesha ulipakua kiasi gani. Sasa kwenye familia inayokula sinia moja, mtoto wa miaka mitatu kamega mara ngapi nani anajua? Mama anasema "alikula vizuri tu" na mimi natakiwa niandike gramu. Halafu kuna aibu. Mtu jana alikula ugali na dagaa, anakuambia nyama, kwa sababu mgeni ana kalamu na kitambulisho shingoni. Nimejifunza kutouliza mbele ya majirani.

Na mwezi! Hili nikuambie maana lilinitokea. Safari moja tulifanya mahojiano wiki nzima kijiji cha kando ya ziwa, tukarudi na data inaonesha watu wanakula dagaa kidogo mno, tukashangaa, mpaka mzee mmoja mvuvi akatucheka: mlikuja mbalamwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa taa haziwavuti, mitumbwi inalala, watu wanashona nyavu. Yaani data yetu yote ilikuwa imepima mwezi. Ikabidi turudi siku za giza. Kwa hiyo kama hao waliokuhoji walikuja mara moja tu, na kama nyie huko Katoro dagaa huwa wanaadimika siku za mbalamwezi, waambie wakirudi. Huwa tunashukuru sana mtu akituambia hivyo.

Kingine wanachosahau wengi ni vitu ambavyo hakuna anayeviita chakula. Pemba. Ule udongo wa kutafuna. Ukimuuliza mama mjamzito jana ulikula nini atakutajia chai, kiporo, ugali, chungwa, pemba hataji, siyo kwa kuficha, ni kwamba kichwani kwake ile siyo chakula. Kuna utafiti ulifanyika hukohuko Geita kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo, ukatoka mwaka 2014, karibu nusu ya wajawazito walioulizwa walikuwa wanakula udongo, na ule udongo ulipopimwa ulikuwa na aseniki na madini mengine ndani yake. Sasa fikiria mtu anahangaika na 0.26 ya dagaa aliyeoshwa huku kwenye pochi ana kifuko cha pemba. Lazima uulize kwa jina lake, "unatafuna pemba?", ndo unajibiwa.

Nywele sasa. Ziwani zebaki ikishaingia, kuna bakteria kule chini kwenye tope wanaigeuza inakuwa ile aina nyingine, methili-zebaki, na hiyo ndo inayopanda: kijidudu anakula, dagaa anakula vijidudu vingi, sangara anakula dagaa wengi na furu wengi miaka na miaka, na kila anayekula anabeba ya wote aliowala. Ipo kwenye nyama yenyewe, siyo kwenye mafuta wala ngozi, kwa hiyo kumchuna samaki hakusaidii, kumkaanga hakusaidii, ndimu haisaidii. Wewe ukimla karibu yote inaingia kwenye damu, inavuka kondo inakwenda kwa mtoto, na damu ya mtoto inakuwa na nyingi kuliko yako. Na nyingine inaingia kwenye unywele wakati unaota. Ikishaingia pale haitoki. Nywele inaota kama sentimita moja kwa mwezi, basi hesabu kutoka kwenye ngozi ya kichwa: sentimita ya kwanza ni mwezi uliopita, ya tano ni mwezi wa tano nyuma. Ni kama daftari.

Irak mwaka 1971 kuingia 1972 walipata balaa, ngano ya mbegu iliyopakwa dawa yenye zebaki ya aina hiyo, watu vijijini wakasaga wakaoka mikate. Zaidi ya watu 6,000 walilazwa na waliofia hospitali ni 459. Wataalamu walichukua nywele ndefu za akina mama wakazikata vipande vidogovidogo na kuvipima kimoja kimoja, na unaona kabisa mwezi ambao mikate ilianza kuliwa namba inapanda, na mwezi walipoacha inashuka, na kwa waliokuwa wajawazito unaweza kusema mtoto alikuwa tumboni miezi mingapi wakati huo. Ndo maana walikukata kisogoni karibu kabisa na ngozi, na kama waliifanya vizuri walifunga uzi upande wa mzizi, manake kipande kikigeuzwa basi Januari inakuwa Juni. Kwetu kazi hii ina shida zake, mwanamke kanyoa hamna cha kukata, mwingine kasuka rasta nusu ya nywele siyo zake, mwingine kaweka dawa ya kulainisha na ile dawa inaweza kupunguza zebaki kwenye unywele. Unauliza yote hayo kabla ya mkasi.

Wajapani wa Minamata walikuwa na daftari zuri zaidi. Kule kiwanda cha Chisso kilimwaga taka zenye zebaki baharini tangu miaka ya 1930 mpaka 1968, ugonjwa ukatambuliwa rasmi 1956, watoto wakawa wanazaliwa na ulemavu mama zao wazima. Sasa utapimaje zebaki ya mtoto aliyezaliwa miaka kumi na tano iliyopita? Sisi kitovu tunakizika, wenzetu kitovu cha mtoto wanakikausha na kukitunza kwenye kiboksi. Daktari mmoja, Masazumi Harada, alikwenda na wenzake nyumba kwa nyumba wakaomba vile vitovu wakavipima, na zebaki ikawa bado imo, ukivipanga kwa miaka ya kuzaliwa unaona kiwanda kilivyokuwa kinazalisha.

Nakutajia huyu Harada kwa sababu miaka ya 1990 alikuja mpaka huku kwetu, Ziwa Victoria, Tanzania na Kenya, akapima nywele za wachimbaji, wavuvi, watu wa mijini. Wengi walikuwa na namba za kawaida kabisa. Ila kulikuwa na wachache, wengine hata siyo wachimbaji, wana namba za kutisha. Walipochunguza wakakuta ni sabuni. Sabuni za kujichubua, zimewekwa zebaki. Ile siyo zebaki ya samaki ni aina nyingine, na mashine ukiiambia pima zebaki yote inakujumlishia vyote kwa pamoja. Mtu asiyejua angeandika "samaki wa Ziwa Victoria wanawaua watu" wakati tatizo liko bafuni. Kwa hiyo majibu yako yakija, dai namba mbili, ya zebaki yote na ya methili-zebaki. Zikikaribiana, ni chakula. Zikiachana sana, ni kitu kingine kimegusa kichwa chako, sabuni, mkorogo, au moshi.

Na moshi ndo huo wa jirani. Hapa naomba unisikilize vizuri. Zebaki anayochoma pale uani inapanda kama mvuke, haina rangi, haina harufu, na ukiivuta kama asilimia 80 inabaki mwilini, inaingia kwenye damu na hiyo nayo inavuka kwenda kwa mtoto tumboni. Nywele haziioneshi vizuri, inayoionesha ni mkojo. Wao walichukua nywele tu? Basi walikuwa wanapima samaki wako, hawakupima jirani yako. Mwaka 2003 kulikuwa na kazi kubwa ilifanyika Rwamagasa, hapo jirani yenu, wakapima watu na mazingira. Waliokutwa na dalili za kudhurika, mikono kutetemeka na mengineyo, ni hasa wachomaji wenyewe. Samaki wa Ghuba ya Nungwe, ziwani, walikuwa na zebaki ndogo. Waliovuka miligramu 0.5 kwa kilo ni baadhi ya samaki wa kwenye vimadimbwi na vijito vya karibu na machimbo, pale wanapooshea mchanga. Kwa hiyo huyo kambale ambaye vijana wanamnasa kwenye madimbwi ya plenti, ile mitambo ya kuchenjua dhahabu, na kumtembeza mtaani kwa bei poa, huyo usinunue hata kama ni bure.

Mtoto asicheze upande ule wakati wanachoma, wala baadaye kwenye ule udongo. Ukiona moto umewashwa, ondoka, nenda upande upepo unakotoka. Nguo za kuchomea zisifuliwe na za mtoto. Sufuria aliyochomea isirudi jikoni, unacheka lakini nimeiona hiyo kwa macho yangu, sufuria ya kuchomea asubuhi inapikiwa makande jioni. Na mwambie mwenyekiti wa mtaa aongee naye achomee mbali na nyumba na atumie ritoti, inakamata ule mvuke na zebaki inarudi kwenye chupa anaitumia tena, yaani hata mfukoni inamlipa. Mkianza kwa kugombana hatasikia, mkianza na hela ya zebaki inayopotea angani atasikia.

Umeniuliza pia, "mbona samaki wanaopelekwa Ulaya wanapimwa?" Wanapimwa kwa sababu mnunuzi alibana. Mwaka 1999 Ulaya walifunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari za watu kuvua kwa sumu za kuulia wadudu, viwanda vikalala, ndo ukaguzi na maabara, ikiwemo ile ya Nyegezi, vikapewa uzito. Minofu inasafiri na karatasi, kayabo (sangara wa chumvi) na mapanki (mabaki ya sangara baada ya minofu kutolewa) vinasafiri bila. Hilo huwa linaniuma ila siyo sababu ya wewe kuacha kula.

Manake kuacha nako kuna hasara, na hiyo lazima iingie kwenye hesabu. Dagaa unamla na mifupa yake, unapata chokaa, chuma, zinki, na yale mafuta ambayo ubongo wa mtoto tumboni unayahitaji. Ukiacha utakula nini, mchicha na chumvi? Ushelisheli, visiwa vya jirani hapo Bahari ya Hindi, wajawazito walikuwa wanakula samaki kama mara kumi na mbili kwa wiki, wakafuatiliwa wao na watoto wao tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, zebaki kwenye nywele ilikuwa juu kuliko ya Wamarekani mara nyingi tu, na watoto kwa ujumla hawakuonesha madhara ya wazi. Visiwa vya Faroe huko kaskazini, watoto walionekana wamepungukiwa kidogo, kumbukumbu, lugha, umakini, ila wale wanakula nyangumi, mnyama mkubwa, zebaki nyingi kwa mkupuo na mafuta yake yana uchafu mwingine. JECFA waliangalia kazi zote mbili, wakaona miligramu kama 14 kwa kilo ya nywele za mama ndo mpaka ambao chini yake madhara hayaonekani vizuri kwa mtoto, halafu wakakadiria ni ulaji wa kiasi gani unaomfikisha mama hapo, wakaugawanya kwa 6.4 kwa usalama ndo wakapata ile 1.6 ya wiki. Wamarekani wao ni wakali zaidi, kiwango chao kinakupeleka kama 1 kwenye nywele. Kwa hiyo karatasi yako ikisoma 2 usizimie, umezidi mstari wa Marekani lakini uko mbali na 14. Ikisoma 10, punguza sangara leo hiihii, na nusu ya iliyomo mwilini inatoka kama siku 50, ukibadilisha sasa mpaka kujifungua itakuwa imeshuka sana.

Majibu ni haki yako. Siku ile kuna fomu ya ridhaa ulisaini, nakala yako ina namba ya simu ya mtafiti na ya kamati ya maadili. Piga. Wakikuambia "tunatoa wastani wa kijiji tu", waulize kama itifaki yao inasema mtu akiwa juu ataambiwa, nyingi zinasema. Na wakikuandikia "haikuonekana", hiyo siyo sifuri, ni kwamba mashine yao haioni chini ya kiasi fulani, waulize ni kiasi gani.

Mwisho kuna kitu nataka kutoka kwako kabla sijasema zaidi. Wiki moja, kuanzia siku za giza, kila ukipakua dagaa piga picha ya sahani yako na ya mtoto kabla hamjala, weka na kijiko pembeni nione ukubwa. Andika sangara alikuwa kipande cha samaki wa kilo ngapi, muuzaji anajua, muulize. Na niambie kuhusu pemba. Hukuitaja kwenye barua yako, na mimi sikukuuliza.